Kengele ya Chaki: Kutazama Michezo Katika Baa ya Kiayalandi Ugenini

Kwa wiki 6 nilizokaa kikazi katika jiji moja la Ulaya, nilitazama mechi 11 katika baa ya Kiayalandi iliyokuwa umbali wa dakika 10 kwa miguu kutoka nilikopanga. Sitaitaja jina, kwa kuwa malalamiko niliyo nayo yanazihusu baa nyingi za aina hii kokote zilipo, na si haki kuibebesha moja mzigo wa zote. Ninachotaka kukipima ni huduma yenyewe: mtu aliye ugenini, asiye na king'amuzi wala usajili wa chaneli za nchi aliyofikia, anapoingia humo akiitafuta mechi yake, anapata nini? Nimetoka na jibu zuri kwa sehemu kubwa, pamoja na fundisho moja ambalo ningependa ningelijua tangu siku ya kwanza, nalo ni kwamba jambo la kuuliza mlangoni si kama mechi itaonyeshwa, bali ni kama itakuwa na sauti.

Kando ya mlango palikuwa na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki mechi zote za siku, saa za kuanza na namba ya skrini ambayo kila moja ingeonekana. Skrini zilikuwa 7, mbili kubwa na tano ndogo, na kwa Jumamosi ya kawaida ubao ulijaa kutoka juu hadi chini. Mbele ya baadhi ya mechi palichorwa kengele ndogo, na kwa kila saa ilikuwapo kengele moja tu. Niliiona, nikadhani ni pambo. Nilitafuta mechi yangu ya Ligi Kuu ya Uingereza, nikakuta imepangiwa skrini ya 4 kuanzia saa kumi alasiri, nikaenda kukaa mbele yake nikiwa mtu mwenye furaha.

Siku hiyo Ayalandi ilikuwa ikicheza raga katika Mashindano ya Mataifa Sita, na mchezo huo ulikuwa umeanza saa tisa na robo. Kengele ilikuwa yake. Ukumbi wote, kuanzia kaunta hadi mlango wa msalani, ulijaa sauti ya mtangazaji wa raga, huku skrini ya 4 ikiniletea mpira wangu bila hata sauti ya filimbi. Mwanzoni sikujali, kwa sababu macho yalikuwa yanatosha. Kisha, dakika ya ishirini na kitu, mpira uliingia wavuni, wachezaji wakakimbilia kwenye kibendera cha kona kushangilia, halafu wakasimama ghafla. Refa alikuwa ameweka kidole sikioni. Skrini ikaonyesha mistari, ikaonyesha mguu wa beki, ikarudi kwa refa, na kwa dakika mbili nzima sisi watu wanne tuliokuwa pale hatukujua kama kinachokaguliwa ni kuotea, ni mkono, au ni faulo iliyotangulia. Mtangazaji angetueleza kwa sentensi moja. Tangu Ligi Kuu ianze kutumia waamuzi wa video katika msimu wa 2019/20, mechi isiyo na sauti imekuwa na mashimo ya namna hiyo, na anayeketi mbele yake hujikuta akisoma nyuso za wachezaji ili ajue kama timu yake ina bao au haina.

Sikuona ubaya katika kuipa raga sauti. Ile ni baa ya Kiayalandi, na timu ya raga ya Ayalandi ina uzito wa pekee kwa sababu huwaunganisha wachezaji wa kisiwa chote, wa Jamhuri na wa Ayalandi ya Kaskazini, tofauti na soka ambako kila upande una timu yake ya taifa. Isitoshe, raga inaihitaji sauti kuliko mchezo wowote ninaoujua: refa huvaa kipaza sauti, na mtazamaji humsikia akiwaonya wachezaji, akieleza sababu ya penalti, na akizungumza na mwamuzi wa video neno kwa neno. Mtu mgeni wa mchezo huo anaweza kuelewa nusu ya sheria zake kwa kumsikiliza refa tu.

Lalamiko langu la kwanza linahusu kilichofuata. Mchezo wa raga ulipomalizika, yapata saa kumi na moja na dakika chache, kipindi cha pili cha mpira kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza, na zaidi ya watu 20 walikuwa wamegeuza viti kuelekea skrini ya 4. Badala ya kutupa sauti, mtu fulani nyuma ya kaunta aliwasha muziki. Hili nimeliona katika baa nyingine za Kiayalandi nilizopita safarini, na ninaliona kuwa kosa kubwa kuliko skrini ndogo au viti vigumu. Baa inayojitangaza kwa michezo inapoweka muziki wakati mechi inaendelea huwa imeyageuza matangazo kuwa mapambo ya ukutani. Nilikwenda kaunta na kumwomba mhudumu, kwa upole, atupe sauti. Alinyanyua macho, akatazama idadi ya viti vilivyogeuzwa, akaiuliza meza moja iliyokuwa ikila chakula kama wangekerwa, na alipojibiwa kwamba hawana neno, akabadilisha mara moja. Ndipo aliponieleza kwamba kengele ya chaki ni alama ya mechi yenye sauti, kwamba hupangwa asubuhi, na kwamba anayeomba mapema mara nyingi husikilizwa. Kwa hiyo kosa lao lilikuwa la uzembe, wala halikuwa la ukaidi, na wepesi wao wa kulirekebisha ndio ulionirudisha Jumamosi iliyofuata.

Inafaa kueleza kwa nini mtu huipata baa ya namna hii karibu kila jiji kubwa, na kwa nini zinafanana. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, kampuni ya bia ya Guinness ilianza kuhimiza wawekezaji wafungue baa za Kiayalandi nje ya Ayalandi, ikishirikiana na wabunifu wa Dublin waliokuwa wakichora ramani, wakitengeneza makabati, kaunta na vioo nyumbani kwao, kisha wakavisafirisha vikiwa tayari kwenda kufungwa ng'ambo. Mitindo yenyewe ilipangwa: kuna baa ya Dublin ya karne ya 19 yenye vioo na mbao nyeusi, kuna ya nyumba ya shamba, kuna ya kiwanda cha bia, na kuna ya duka la kijijini lenye rafu za makopo ya zamani, kwa sababu baa nyingi za Ayalandi zilikuwa pia maduka ya vyakula. Niliyoizoea mimi ilikuwa ya mtindo huo wa duka. Nimesikia watu wakizidharau kwa kuwa zimetoka kiwandani, nami siungani nao. Mgeni anayeingia katika jiji asilolijua, ambako hata kuagiza maji ni kazi, hupumua anapokuta mahali ambapo utaratibu anaufahamu tayari: unaagiza kaunta, unalipa hapo hapo, unachukua kiti kilicho wazi, na kumwuliza jirani matokeo ni jambo la kawaida.

Lakini mtindo huo una gharama yake kwa mtazamaji, na hapa ndipo penye lalamiko la pili. Baa ya Kiayalandi ilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo. Ukumbi hukatwakatwa kwa vizuizi vya mbao na vioo vyenye ukungu, kuna nguzo zilizochongwa, na kuna kile kichumba kidogo cha pembeni ambacho zamani watu walijificha humo wanywe bila kuonekana. Vyote hivyo ni vizuri kwa wanne wanaoongea. Kwa watu 80 wanaotaka kuona lango moja, kila nguzo ni adui. Katika ukumbi wa chini nilihesabu meza 6 ambazo ukizikalia unaona nusu tu ya skrini kubwa, na hakuna anayekuonya unapoketi. Kichumba cha pembeni kina skrini yake ndogo, na mwanzoni nilikipenda kwa utulivu wake, mpaka nilipogundua kwamba anayekaa humo huusikia ukumbi ukifurahi bila kuwa sehemu ya furaha hiyo. Mechi hutazamwa na watu, na baa inayokutenga nao imekunyima nusu ya kile ulichokifuata.

Ghorofa ya juu ina nafasi na haina nguzo, ila ina tatizo la kuchelewa kwa picha. Skrini za chini zilipokea matangazo kwa dishi la setilaiti, za juu kwa intaneti, na matangazo ya intaneti huchelewa, mara nyingine kwa nusu dakika nzima. Jumatano moja ya mechi za Ulaya tulikuwa juu, mshambuliaji akiwa ndiyo kwanza anaupanga mpira kwenye alama ya penalti, anaurekebisha, anarudi nyuma hatua tatu, wakati sakafu iliponguruma kwa shangwe kutoka chini. Kila aliyekuwa juu alijua. Tukabaki tunamtazama mtu yule akikimbia kwenda kupiga penalti ambayo tayari ilikuwa bao, na mwanamke aliyekaa karibu yangu aliyekuwa ameshika mikono ya mwanawe aliiachia taratibu. Tatizo hili lina tiba, nayo ni kulisha skrini zote kutoka chanzo kimoja, na baa yenye uwezo wa kufunga skrini 7 haikosi uwezo wa kulifanya hilo.

Kuhusu mechi zenyewe, mtu aliyezoea kusikia kwamba Uingereza ndiko nyumbani kwa mpira anaweza kushangaa kwamba baa ya ng'ambo huweza kumpa zaidi ya atakachopata London. Uingereza ina marufuku ya kurusha mechi za soka mubashara siku ya Jumamosi kati ya saa tisa kasorobo alasiri na saa kumi na moja na robo jioni. Chanzo chake ni miaka ya 1960, wakati Bob Lord, mwenyekiti wa klabu ya Burnley, alipowashawishi wenzake kwamba televisheni ingewaondoa mashabiki katika viwanja vya timu ndogo. Marufuku hiyo haivuki mpaka. Ndiyo maana mechi ya saa tisa alasiri, ile ya saa ya jadi kabisa, haionekani kihalali katika baa ya Manchester, huku baa yetu, ambako saa hiyo ni saa kumi, ikiweza kuionyesha. Katika nchi nyingi nje ya Uingereza mechi zote 380 za msimu wa Ligi Kuu huwa zimenunuliwa na mwenye haki za matangazo, na kazi ya baa ni kulipia leseni ya biashara, ambayo ni tofauti na usajili wa nyumbani.

Leseni hiyo si jambo la mwenye baa peke yake. Tarehe 4 Oktoba 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri lililomhusu Karen Murphy, mwenye baa wa Portsmouth aliyeshtakiwa kwa kuonyesha Ligi Kuu kwa kadi ya king'amuzi cha Ugiriki. Mahakama ilisema kuzikataza kadi za nchi nyingine mwanachama kunapingana na uhuru wa kutoa huduma ndani ya Umoja, lakini ikasema pia kwamba kuonyesha baa vitu vyenye hakimiliki, kama wimbo na nembo za ligi, kunahitaji idhini ya wenyewe. Mtazamaji huijua tofauti kwa macho. Baa isiyolipa hutegemea viunganishi vya kuokoteza mtandaoni, na picha huganda mpira unapofika kwenye kumi na nane. Kwa mechi zote 11 nilizotazama, picha haikuganda hata mara moja, na ninawashukuru kwa hilo.

Kilichonifanya niipende kweli baa ile kilitokea Jumapili mchana, ukumbi ukiwa karibu mtupu. Ubao ulikuwa na mstari mmoja tu: halingi, mechi ya ligi, skrini ya 1. Huu ni mchezo wa Waayalandi wenyewe, unaosimamiwa na chama cha michezo ya Kigaeli, GAA, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884. Wachezaji ni 15 kila upande, kila mmoja ana fimbo yenye bapa mwishoni, na mpira wake mdogo wa ngozi hupigwa hewani kwa nguvu ya kutisha. Sikuelewa hata matokeo yalivyoandikwa. Mzee mmoja kutoka kaunti ya Tipperary, aliyekuwa na skafu ya buluu na njano, aliliona hilo usoni pangu. Alichukua vile vibao vya karatasi vya kuwekea glasi, akavipanga mezani kwa umbo la herufi H, akanionyesha kwa kidole: mpira ukipita juu ya mwamba ni pointi 1, ukiingia wavuni chini yake ni bao, na bao lina thamani ya pointi 3. Kwa hiyo 2-15, yaani mabao 2 na pointi 15, ni 21, na 1-19 ni 22, na hapo aliye na mabao machache ndiye mshindi. Aliongeza jambo ambalo sikulitegemea, kwamba wale wote ni wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa mshahara wa kucheza, ambao Jumatatu huenda darasani, shambani na ofisini.

Tulikuwa watu 6 tu, na mechi ile ilipewa sauti. Hakuna aliyeomba. Mhudumu alishika kidhibiti, akapandisha sauti dakika tano kabla ya kuanza, akazima taa ya juu ya kaunta ili skrini ing'ae, kisha akaegemea naye kutazama. Baa nyingine ingeuweka mchezo huo kimya na kuwasha muziki kwa ajili ya wapita njia. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mahali pale michezo inaheshimiwa, hata isipoleta wateja. Mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huu autafute: ligi yake huchezwa mwanzoni mwa mwaka, michuano ya ubingwa wa kaunti huanza Aprili, na fainali hufanyika Julai katika uwanja wa Croke Park, Dublin, unaobeba watu wapatao 82,000.

Kuhusu vinywaji nina machache, maana situmii pombe, na katika wiki zote 6 hakuna aliyenitazama vibaya kwa kuagiza soda ya tangawizi au chai. Jambo moja la kaunta nitalisema kwa sababu linamgusa kila mteja. Guinness ya bomba humiminwa kwa awamu mbili: glasi huinamishwa, hujazwa robo tatu, huachwa itulie mpaka weusi utengane na povu, kisha humaliziwa. Watengenezaji wake huutaja muda wa kazi hiyo kuwa sekunde 119.5. Wahudumu wazoefu huanza kuzijaza glasi nusunusu dakika ya 40, wakazipanga safu ya 20 au 30 kaunta, ili filimbi ya mapumziko ikilia wabaki na kumalizia tu. Nilikuwa napenda kuitazama safu ile, glasi za mwanzo zikiwa zimeshatulia na za mwisho bado zikichemka kwa mapovu madogo yanayoshuka. Asiyehitaji Guinness aagize upande wa pili wa kaunta wakati huo, la sivyo ataikosa dakika ya 46. Chakula kilikuwa cha wastani na kilichelewa siku za mechi kubwa. Afadhali kuagiza saa moja kabla.

Kwa anayepanga safari, nashauri awapigie simu siku iliyotangulia, kwa sababu ubao huandikwa asubuhi na aliyeuliza jana huwa amekwisha kufikiriwa. Ataje mechi kwa jina la timu na saa ya huko iliko baa. Anayekwenda Marekani au Kanada mwezi Machi awe mwangalifu zaidi: kule saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya Jumapili ya mwisho, na katikati yake tofauti ya saa hupungua kwa saa 1. Siku za kumalizia Mataifa Sita na sikukuu ya Mtakatifu Patrick ya tarehe 17 huangukia katika kipindi hichohicho ambacho baa hizi hujaa pomoni, na nimewahi kufika katika mojawapo nikakuta imebaki saa nzima kabla ya mechi kuanza, nikiwa nimehesabu saa kama nilivyozoea.

Akifika, aulize mechi gani ina kengele, au ishara yoyote watumiayo, kisha achague meza baada ya jibu hilo. Katika baa yangu meza bora kuliko zote ni ile ndefu iliyo kati ya kaunta na nguzo ya pili, ukutani, upande wa kushoto unapoingia: skrini kubwa zote mbili zinaonekana, spika iko juu ya kichwa, na mhudumu anayeshika kidhibiti husimama hatua mbili kutoka hapo, anasikia ukimwita hata ukumbi ukiwa umejaa.